Safari ya Ujiji na Khabari ya Chama cha Kafi



Katika mwezi wa Mfunguo Sita uliopita, chuo chetu hapa Tabora kilipofungwa kwa ajili ya Maulidi, ulitufikia waraka wa dada yetu aliyeolewa Ujiji. Alitutaka twende tukasome Maulidi pamoja nao, kisha mwisho wa waraka akaongeza maneno machache: "Na mwanao huyu amekuwa mkimya, kaka. Njoo uzungumze naye." Mwana huyo ni mpwa wetu, kijana wa miaka 23, na sababu ya ukimya wake tuliijua, kwani sisi wenyewe tulikuwa na fungu letu katika jambo hilo. Basi tukafunga mzigo, tukakata tikiti ya gari-moshi, tukatawakali.

Njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji imekanyagwa na nyayo nyingi kabla ya zetu. Zamani mji wetu uliitwa Kazeh katika vitabu vya wageni, nao ulikuwa mahali pa misafara kupumzika, kugawana mizigo na kuajiri wapagazi wapya, wengi wao Wanyamwezi, watu ambao bila mabega yao hapana mfanya biashara ambaye angaliuona Ujiji. Waingereza Burton na Speke waliingia hapa tarehe 7 Novemba 1857, wakapokewa kwa ukarimu na Waarabu wa mji, khasa Sheikh Snay bin Amir, mtu aliyekwisha kufika hata Buganda katika mwaka 1852. Walipoondoka kwenda magharibi, walifika Ujiji tarehe 14 Februari 1858. Yaani karibu miezi miwili, na Burton alikuwa akichukuliwa kwa machela kwa ajili ya maradhi. Sisi tuliondoka jioni na siku ya pili tukafika, na bado tulimsikia abiria mmoja akilalamika kwamba gari linakwenda polepole.

Maili 250 hivi za reli hiyo si za kusimuliwa zote. Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka: miyombo kulia na miyombo kushoto, wauza asali madirishani, watoto wakipunga mikono. Lakini kuna mahali pamoja ambapo twamwomba msomaji asimame nasi, nako ni Mto Malagarasi.

Mto huu ulikuwa ndio mlango wa maji katika njia ya misafara. Kabla ya madaraja, msafara uliofika ukingoni ulikuwa mikononi mwa wavushaji na watawala wa Uvinza. Hapana aliyepita bila kulipa hongo, na hongo ikishalipwa, mwenye mtumbwi naye alikuwa na lake. Mitumbwi yenyewe ilikuwa midogo, mingine ya magome ya miti, na watu walivuka wachachewachache, huku mzigo ukilindwa pande mbili za mto. Mwanzoni mwa Novemba 1871 Mmarekani Henry Stanley alivuka hapo kwa mabishano marefu. Punda wake mmoja, aliyempa jina Simba, alifungwa kamba akaogeleshwa nyuma, na katikati ya mto mamba akamshika shingo. Watu walivuta kamba kwa nguvu zao zote, wasimpate. Ndivyo Simba alivyoliwa na mamba.

Twayataja haya kwa sababu gari-moshi hupita juu ya mto huo kwa muda wa kumeza fundo la chai, na abiria wengi walikuwa wamelala. Sisi tulitazama chini. Tuliuona mtumbwi mmoja mwembamba na mtu mmoja ndani yake, amesimama, hakuinua uso.

Kigoma ndipo reli inapokoma. Wajerumani waliifikisha hapo katika mwaka 1914, wakaichagua Kigoma kwa kuwa ghuba yake ina kina, na Ujiji, mkuu wa ziwa lote kwa miaka mingi, ukaachwa pembeni maili 5 hivi kusini. Meli yao kubwa, iliyoletwa vipandevipande kutoka Ujerumani, ilishushwa majini Kigoma mwaka 1915, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitwaliwe na adui. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tokea mwaka 1927 ikaitwa Liemba. Khabari zake zimeandikwa sana. Mitumbwi iliyokuwako kabla yake haikuandikwa hivyo.

Tulipoingia Ujiji jambo la kwanza tulilotaka ni kuyaona maji, na hapo ndipo mgeni anaposhangaa. Mahali penye ukumbusho wa Stanley na Livingstone, chini ya miembe, hapapo tena pwani. Mtu husimama akatafuta ziwa kwa macho, akaliona mbali chini. Je, wazee walikosea mahali? Hapana. Ziwa ndilo lililoondoka. Ziwa Tanganyika hutoa maji yake kwa mto mmoja tu, Lukuga, ulio ng'ambo ya Kongo. Luteni Cameron alipozunguka upande wa kusini mwaka 1874, aliukuta mdomo wa mto huo umezibwa na majani na matope, na Stanley mwaka 1876 aliukuta vivyo hivyo. Maji yalikuwa yakipanda mwaka hata mwaka. Halafu kwenye mwaka 1878 kizuizi kikavunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na katika miaka 15 hivi ziwa likashuka kadiri ya futi 30. Kwa ufuo wenye mteremko mdogo kama wa Ujiji, futi 30 za kushuka ni mwendo mrefu wa mchanga. Bandari ikabaki nchi kavu. Wala ziwa halijatulia hata sasa, kwani mwaka 2020 na 2021 lilipanda tena likaingia katika nyumba za watu wa pwani, Kigoma na hata Bujumbura.

Mpwa wetu alitupokea kwa adabu. Alisema "Shikamoo, mjomba," akauchukua mzigo, akanyamaza. Baada ya chakula tulimwambia: "Tupeleke pwani, baba, utuonyeshe mitumbwi." Akatutazama kama mtu anayepima neno, kisha akavaa kofia yake tukatoka.

Tulikwenda kwa miguu mpaka mwaloni. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, na majahazi ya mbao yamevutwa juu, mashine zimefunikwa kwa magunia. Mtumbwi wa gogo moja, ule wa kale, tuliuona mmoja tu, umejaa nyavu.

Zamani haukuwa hivi. Mitumbwi mikubwa ya Ujiji haikuchongwa Ujiji. Ilitoka Ugoma, milima ya ng'ambo, mahali palipokuwa na mivule mikubwa. Gogo lilichongwa hukohuko, likateremshwa majini, likavushwa ziwa lenye upana wa maili 30 na zaidi, na kina ambacho mahali pengine kinapita futi 4,800, kwani baada ya Baikal la Urusi hapana ziwa la kina kirefu zaidi duniani. Mtumbwi aliopanda Burton mwezi wa Aprili 1858, kwenda kutafuta mto wa kaskazini, ulikuwa na urefu wa futi 60 hivi. Nahodha wao, Kannena wa Ujiji, aliwafikisha Uvira, akakataa kuendelea, na hata sisi tusingalimlaumu, kwani roho za watu wake zilikuwa juu yake.

Burton huyo, mtu asiyekuwa mwepesi wa kusifu, ameeleza jinsi wapiga kafi walivyofanya kazi. Waliitwa wana maji. Mmoja alianza kwa sauti ndefu, wengine wakaitikia, na mbele ya mtumbwi palikuwa na pembe na ngoma zisizonyamaza ila wakati wa khofu. Hawakwenda kwa mwendo mmoja. Walipiga kafi kwa nguvu kama waliofukuzwa mpaka jasho likawatoka, kisha wakapumzika, wakaanza tena.

Miaka 13 baadaye zikaja siku 28 ambazo kila kitabu cha shule kinazitaja. Stanley na Daktari Livingstone waliondoka Ujiji tarehe 16 Novemba 1871, katika mtumbwi wa mvule walioazimwa na Said bin Majid, Mwarabu wa Ujiji, wakiwa na wapiga kafi 16. Walikwenda mpaka mwisho wa kaskazini, wakauona mto Rusizi kwa macho yao, wakathibitisha kwamba unaingia ziwani wala hautoki, na hivyo fikira ya kwamba Nili hutokea hapo ikavunjika. Tarehe 13 Desemba walikuwa wamerudi. Majina ya abiria wawili yanajulikana dunia nzima. Jina la mwenye mtumbwi lajulikana na wachache. Lakini nenda ukamwulize mtu yeyote, Ujiji au London, majina ya wale 16 waliokaa juu ya mbao zenye maji kwa siku 28, hutapata atakayekutajia hata mmoja.

Na tusije tukasimulia nusu ya khabari kwa kuwa nusu ya pili inatuuma. Mitumbwi hiyo haikubeba wasafiri na chumvi na pembe peke yake. Ilibeba mateka kutoka Manyema, watu waliotolewa makwao kwa moto, na wengi wa waliowabeba walikuwa na majina kama yetu. Livingstone mwenyewe alikuwa amerudi Ujiji kutoka Nyangwe, mahali ambapo mwezi wa Julai 1871 aliona watu wa wafanya biashara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume sokoni, wakafa mamia, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama walipokuwa wakigombania mitumbwi. Leo watu wengi wa Ujiji hujiita Wamanyema, asili ya wazee wao ni ng'ambo hiyo, na ndio wanaojaza misikiti ya mji. Kijana wa Ujiji akishika kafi, hushika chombo ambacho huenda kilimleta babu wa babu yake akiwa amefungwa. Mpwa wetu ndiye aliyetuambia hayo, si sisi tuliomwambia yeye. Alisema: "Ndiyo sababu tulipenda, mjomba. Safari hii tulikuwa tukipiga kafi kwa hiari yetu."

Hapo mlango ukafunguka, naye akaanza kutusimulia chama chao.

Kilianza na vijana watano waliokuwa wakikaa barazani baada ya Alasiri bila kazi. Mzee mmoja mvuvi, aliyeacha kuvua kwa ajili ya miguu, alikuwa na mtumbwi mrefu aliourithi, akawaazima kwa sharti la kuutunza. Wakafika 12, na nahodha wa 13. Hawakukipa chama jina kubwa. Watu waliwaita "wale wa kafi," nao wakaridhika. Sharti zao zilikuwa tatu: kila mtu ajue kuogelea, Alasiri iwe imekwisha saliwa kabla kafi halijaguswa, na atakayekosa siku tatu bila udhuru alete karanga za wote. Sharti hii ya tatu, alisema mpwa wetu, ndiyo iliyovunjwa kuliko zote, nao walikula karanga nyingi.

Tulimwuliza: mashindano haya ni nguvu ya mkono? Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike. Alisema mwenye nguvu peke yake ndiye mwenye kuharibu. Mtumbwi mrefu na mwembamba hauendi kwa nguvu za watu 12, huenda kwa makafi 12 yanayoingia majini kwa wakati mmoja na kutoka kwa wakati mmoja. Likiingia moja mbele ya mengine, mtumbwi huyumba, na kila kuyumba ni mwendo uliopotea. Anayekaa omo ndiye anayeweka mwendo, kwa hiyo asiwe mwenye hasira. Wenye miili mizito hukaa katikati. Nahodha hukaa tezi, kafi lake ni refu, naye hapigi bali huongoza, tena macho yake hayatazami wenzake, hutazama alama mbili za nchi kavu, mwembe nyuma ya paa, au mnara nyuma ya mnazi, azishike katika mstari mmoja. Siku za Kusi, tokea Mei hata Septemba, mawimbi husafiri urefu wa ziwa, maili 400 bila kitu cha kuyazuia, na hapo mtumbwi usikabili wimbi kwa kifua wala usilipe ubavu, ulichukue kwa bega. Mtu mmoja hukaa na kata ya kufua maji, wala hana aibu, kwani bila yeye hawafiki.

Tulimsikiliza kwa mastaajabu. Kijana huyu chuoni alitusumbua miaka miwili kwa kukosa kuhifadhi, na hapa alikuwa akisoma somo zima bila kitabu.

Katika mwaka wa kwanza walishindana mara tatu na vijana wa mwalo jirani. Zawadi ilikuwa mbuzi aliyetolewa na mfanya biashara wa mji, na kwa kuwa aliliwa na pande zote mbili, mshindi alipata kichwa tu na sifa. Walishinda mara moja. Watoto wadogo walijaa ufuoni, na akina mama, ambao kwanza walipiga kelele kwamba watoto wao watazama, wakawa ndio wa kwanza kupiga vigelegele.

Mwaka wa pili ndipo yalipotokea ya kutokea. Msomaji huenda anajua kwamba katika miaka ya karibuni kampuni moja ya bia iligharimia mashindano ya mitumbwi katika miji ya maziwa, Mwanza, Musoma, Ukerewe, Bukoba, na Kigoma vilevile. Watu walimiminika, na fedha zilitolewa. Vijana wetu wakatakiwa waingie. Wangepewa fulana zenye jina la pombe vifuani, na wakishinda wangepata fedha ambazo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzishika. Wakaenda kwa wazee wa msikiti kuuliza. Wazee wakasema: "Tumwandikie mwalimu wa Tabora, ni mjomba wa mmoja wao, nao watamsikia."

Basi tuliandika. Twaukumbuka waraka ule kwa sababu ulikuwa mfupi: mstari wa kwanza salamu, wa pili hukumu ya kwamba haifai Mwislamu kutangaza pombe kwa kifua chake wala kula ujira wake, wa tatu onyo, wa nne dua. Mistari minne. Tukatia muhuri wa chuo, tukautuma, tukaendelea na darasa.

Waraka ule uliposomwa, saba walitoka. Walisema wao ni masikini na mashindano ni ya siku moja. Watano na nahodha walibaki. Mtumbwi wa watu 12 haukubali watano. Wakajaribu wiki mbili, wakashindwa kuugeuza penye upepo, siku moja nusura wapinduke. Mzee akauvuta mtumbwi wake nyumbani. Tangu siku ya kwanza hata siku hiyo ni miezi 19. Huo ndio umri wa chama hicho.

Tuliuliza khabari za wale saba. Wawili hawaonekani tena msikitini. Mmoja ni fundi wa mashine za majahazi, mtu mwema, huja Ijumaa na mafuta mikononi. Wengine wametawanyika, Uvinza, Mpanda, Dar es Salaam. Wala hawakushinda mashindano yale.

Kisha mpwa wetu akasema, hali anatazama maji: "Mjomba, sisi hatukuchukia hukumu. Waraka wako ulikuwa na mistari minne. Tulikuwa tukingoja wa tano."

Twakiri mbele ya wasomaji kwamba hatukuwa na la kujibu.

Usiku ule hatukulala upesi. Hukumu yetu hatuiondoi, na kijana yeyote atakayetuuliza tena tutamwambia hivyohivyo. Lakini ilikuwa nusu ya elimu. Katika hadithi sahihi aliyoipokea Ibn Umar, Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliwashindanisha wapanda farasi wa Madina. Farasi waliozoezwa walipewa mwendo mrefu, kutoka Hafya hata Thaniyatul-Wadaa, na wasiozoezwa mwendo mfupi, kutoka hapo hata msikiti wa Bani Zuraiq. Na Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tazama basi jinsi jambo lile lilivyopangwa, kila farasi na kadiri yake, na mwisho wa mbio ni msikitini. Katika hadithi nyingine, aliyoipokea Abu Huraira, zawadi ya kushindania imetajwa katika mambo matatu, ngamia, farasi na mshale, na wanazuoni wametafautiana katika yanayoweza kukisiwa nayo. Lakini kushindana bila kamari, kwa kuzoeza mwili na kuondoa uvivu, mlango wake ni mpana. Sisi tulikuwa tukiyajua haya yote siku tulipoandika. Tuliyafundisha mwezi uleule katika darasa la jioni. Hatukuona kwamba yanahusu mtumbwi.

Wala wengine hawakushindwa kama sisi. Lamu, katika siku za Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, vijana hushindana kwa punda na kwa kuogelea, na mji mzima hutoka kuwatazama. Buganda, ambako Stanley mwaka 1875 alimkuta Kabaka Mutesa pwani na makumi ya mitumbwi yake, koo zilirudia kushindana kwa mitumbwi mbele ya Kabaka hata katika zama zetu hizi. Na Uislamu wa Buganda kwa sehemu kubwa ulipitia kwa wafanya biashara wa Tabora hii. Wao walichukua dini kutoka njia yetu, na sisi hatukwenda kuwauliza juu ya kafi.

Asubuhi, baada ya Alfajiri, tulimwomba mpwa wetu atupeleke kwa yule mzee mwenye mtumbwi.

Tulimkuta amekaa mlangoni anasokota kamba. Tukampa shikamoo, akaitika, akatukaribisha mkekani. Mtumbwi ulikuwa chini ya mwembe, umelazwa kifudifudi juu ya magogo mawili, na kuku walikuwa wametaga chini yake. Tuliupima kwa hatua, hatua 14. Omoni palikuwa na ufa wa kuingia kidole.

Tukamwuliza: "Mzee wetu, utafaa tena?"

Akasimama kwa fimbo, akaugonga kwa kifundo cha kidole, mahali pengi, akisikiliza kama tabibu. "Mwalimu," akasema, "mtumbwi ukikaa nchi kavu miaka miwili hunyauka. Ukikaa mitano, ni kuni. Huu una mwaka na nusu."

"Ungekubali kuwaazima tena?"

"Sikuwanyang'anya," akasema. "Niliwaona wako watano, nikaogopa watazama. Mwenye kuja na watu waliotimia atauchukua."

Tukaomba karatasi. Mzee akataja, mpwa wetu akaandika kwa mwandiko wake ule tuliougombeza miaka mingi: ubao mmoja wa kuzibia omo, kalafati na mafuta yake, kamba, kata mbili za kufulia maji, maboya ya kuvaa kwa kila mtu (hili tulilitaja sisi, na mzee akasema zamani hayakuwako, tukamjibu kwamba zamani watu walizama), mbuzi wawili kwa mwaka, na kafi 12. Bei ya kila kitu mzee aliijua, ila ya maboya. Tulijumlisha mara mbili. Haikufikia gharama ya mabati tuliyoyanunua mwaka juzi kwa ajili ya ukumbi wa chuo, ambao mpaka leo hutumiwa mara tatu kwa mwaka.

Maulidi yalisomwa usiku ule, yakasomwa vizuri, na watoto wa Ujiji wana sauti. Siku ya pili, baada ya Isha, tuliwaomba wazee wa msikiti wakae kidogo. Tuliwakumbusha waraka wetu wa mistari minne, tukawaambia tumekuja na uliobaki. Kisha tukaisoma karatasi, kitu kwa kitu na bei kwa bei, na mwisho tukataja kiasi ambacho sisi wenyewe tutatoa kutoka katika mshahara wetu wa chuo, ambacho si kikubwa.

Ukapita kimya. Mtu mmoja alikohoa. Mfanya biashara yule wa mbuzi akasema atatoa mbuzi kama zamani, akanyamaza. Kisha mzee wa safu ya mbele, muuza samaki, mtu ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa walioondoka, akauliza bila kugeuka:

"Na wale saba, wataitwa?"

Tukamtazama mpwa wetu, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Akaiangalia karatasi mikononi mwetu, kisha akamwangalia mzee.

"Kafi ni kumi na mbili, babu," akasema.